Hongo ya Saratani



Wako katika sharika za Tabora waulizao kama ni halali Mkristo mwenye saratani kuifuata dawa mpya, ile iamshayo walinzi wa mwili, au kama yampasa kungoja maombi tu. Twajibu: ni halali. Tena twataka mwijue dawa hiyo ilivyo.

Mungu ameweka katika damu yetu chembe nyeupe, zizungukazo usiku na mchana kama walinzi, zikiua kilicho kibaya. Nayo saratani ni chembe za mwili wenyewe zilizoasi. Mbona basi walinzi huziacha? Wazee wa Unyamwezi wajua habari za hongo. Zamani za misafara, kutoka Bagamoyo hata Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, msafara haukupita katika nchi ya mtemi pasipo kutoa nguo au shanga. Ukiisha kutoa, askari hushusha mikuki. Ndivyo zifanyavyo saratani nyingine: humnyoshea mlinzi kitu, naye akikipokea, nguvu humlegea. Mkono huo upokeao uligunduliwa na Honjo wa Japani na wenzake mwaka 1992. Allison wa Marekani alichunguza kizuizi kingine cha namna hiyo. Wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa zilizotokana na kazi yao huuzuia mkono, hongo isipokelewe, walinzi wakapigana.

Lakini haziponyi wote. Mara nyingine walinzi waliofunguliwa huvipiga hata viungo vizima, kama mapafu na matumbo. Na bei yake ni mzigo mzito mno kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo.

Wale wahubirio kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, hatukubaliani nao. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akatoa fedha yake mwenyewe, akaahidi kulipa zaidi. Nasi tuna njia ya namna hiyo. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 yawapeleka wagonjwa wetu Dar es Salaam, katika Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wadachi, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani. Wengi hufika wamechelewa. Mama huficha uvimbe wa titi chini ya kanga, kwa haya, au kwa kuogopa kusemwa kwamba amerogwa, hata upasuke. Mwingine hakuficha, alikosa nauli, na chakula cha ndugu wa kumwuguza.

Wapagazi wa zamani, mwenzao akiugua njiani, mzigo wake uligawanywa. Sharika zetu nyingi zina mfuko wa bati la kanisa. Mfuko wa nauli ya mgonjwa hatujauona ila katika chache.

Wainjilisti, mzurupo nyumba ulizeni habari za uvimbe kwa upole, nao wake zenu wawaulize akina mama. Wazee wa kanisa walitie neno la nauli katika mkutano ujao, kabla ya hesabu ya bati.