Mgongo Uliopinda Si Laana



Dada zangu, huku Vurra nimesikia msichana aliyepinda mgongo akiambiwa amelogwa. Tumche Allah! Huo ni ugonjwa, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba.

Aghalabu uti wa mgongo hupinda pembeni msichana anapokua, kati ya miaka 10 na 18, na mara nyingi sababu haijulikani. Vazi letu la stara huuficha. Basi mama amtazame bintiye chumbani: ainame kama anayerukuu. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka, waende Hospitali ya Rufaa ya Arua.

Katharina Schroth, Mjerumani aliyekuwa na mgongo kama huo, alianza mwaka 1921 kufundisha mazoezi ya kujinyoosha na kuvuta pumzi. Mazoezi hayanyooshi kila mgongo, lakini yanaweza kuuzuia usizidi kupinda, hasa kabla mwili haujamaliza kukua. Jifunzeni kwa mtaalamu, kisha mdumu nayo kama mnavyodumu na sala.

Stara haizuii: fungeni mlango, mfanye pamoja. Tawakkul ni kujitahidi, kisha kumwachia Allah. Yarabi, waponye wagonjwa wetu. Amin.