Je, Kumpumzisha Mzee Ndiko Kumheshimu?

Liko neno moja tulisemalo kwa nia njema katika sharika zetu: "Bibi, wewe keti tu." Twalisema jikoni penye arusi, twalisema michango ya msiba inapoandikwa, twalisema hata wanapochaguliwa watu wa kuwaangalia wagonjwa. Basi bibi huketi. Huletewa chakula kabla ya wengine, na kila apitaye humwamkia kwa adabu. Lakini tukimtazama sana twaona ya kuwa hana furaha, nasi twastaajabu: amekosa nini?

Twadhani amekosa kuhitajiwa. Mtu aliyelima, akalea, akauguza na kupatanisha wagomvi miaka hamsini, hajui kuwa mgeni kijijini mwake. Tena hata mgeni, wahenga wasema, siku ya tatu hupewa jembe. Bibi huyu tumemnyang'anya lake.

Jambo hili limepata kujaribiwa. Katika jimbo la Connecticut, nchi ya Marekani, wataalamu wawili, Ellen Langer na Judith Rodin, walikwenda katika nyumba moja ya kutunzia wazee, nao wakatangaza habari zake mwaka 1976. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa ya kuwa mambo yao mengi yamo mikononi mwao wenyewe, na kila mmoja akapewa mche autunze. Wazee wa ghorofa nyingine nao walipewa mche, ila waliambiwa ya kuwa wauguzi ndio watakaoutilia maji. Majuma matatu yalipopita, wale wa kwanza walionekana wachangamfu kuliko wenzao, wenye kutembeleana na kuzungumza. Watu hao hawakuwa wengi, wala hatusemi kwamba mche ni dawa. Lakini wote walikuwa na chakula, kitanda na mche. Kilichowatenga ni kuaminiwa.

Mtu atasema: wazee wetu wamekwisha kuchoka, je, tuwatwike mizigo tena? Sivyo. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, wako wazee wengi walioachiwa wajukuu, wazazi wao walipokufa kwa UKIMWI. Mzigo wa namna ile, usio na msaada, huvunja mgongo. Kwa hiyo chama kiitwacho Kwa Wazee kilianza mwaka 2003 kuwapa fedha kidogo kila mwezi. Bibi mwenye fedha mkononi aweza kununua chumvi na sabuni asiombe. Tena aweza kutoa mchango wake penye msiba wa jirani. Nalo si jambo dogo, maana atoaye huhesabiwa, na shauri linapokatwa huitwa.

Wako pia wasioweza kuinuka kitandani. Hao nao wana la kutoa: mpaka wa shamba lile ulipita wapi, mtoto huyu aitwe jina la nani, ugomvi wa nyumba hizi mbili ulianzaje. Ila twende kwao kabla ya shauri kukatwa, wala si baadaye, kwa kuwa mzee hutambua upesi aulizwapo kwa adabu tu. Na jibu lake likiwa refu, tumngoje amalize.