Kumwokoa Mla Unga si Kumhalalishia Unga

Twasikia wengi wakisema: kumpa mla unga sindano safi ni kumsaidia katika maasi. Neno hili yafaa lipimwe kwa akili na kwa sharia, si kwa hasira.

Unga ni haramu; hapo hapana mjadala. Lakini sindano ichangiwayo hueneza UKIMWI na maradhi ya ini, na maradhi hayo hayakomei kwa mwenye dhambi: humfikia mkewe asiye na kosa, na mtoto aliye tumboni. Mafakihi wametufunza kwamba yakikutana madhara mawili, huchukuliwa lililo jepesi ili kuepukwa lililo zito. Basi lipi lililo zito hapa: sindano au jeneza?

Serikali ya Kenya ilipitisha mwaka 1994 sheria yenye vifungo virefu, na unga haukukoma mijini mwetu. Mwaka 2015 hospitali ya Malindi ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu, impunguziayo mgonjwa uchu wa unga apate kurudi kazini na kwa watu wake. Huko Ureno, tangu 2001, akutwaye na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hapelekwi jela, bali mbele ya tume imwelekezayo kwenye tiba.

Muuzaji na afungwe. Mgonjwa na atibiwe, wala asifukuzwe mlangoni mwetu. Mlango wa toba u wazi kwa aliye hai. Nasi tukimwacha afe, tumemfungia sisi.