Jina Lisilo Kwenye Logbuku

Logbuku ya gari inajua mambo mengi. Inajua nambari ya chesisi, nambari ya injini, rangi, mwaka wa kuundwa na jina la mwenye gari. Haimjui fundi. Kwa Probox ya mtaa hilo si mjadala: ikiharibika unashuka Grogon, unapata spea, maisha yanaendelea. Lakini kwa gari lililoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nimeanza kuamini kwamba pengo hilo ni swali la haki. Nimelazimika kulifikiria kwa sababu anko wangu wa Nakuru anauza Ford Model A yake ya 1930, na mimi, ati kwa vile ndiye mwandishi wa familia, nimepewa kazi ya kuandika historia ya hilo gari.

Swali lenyewe ni hili: kitu kikidumu kwa sababu kuna watu wamekuwa wakikitengeneza, je, watu hao wana dai lolote juu yake, hata kama walishalipwa?

Kwanza ulijue gari lenyewe. Ford waliunda Model A kuanzia mwisho wa 1927 hadi mapema 1932, karibu milioni 5. Nyingi kati ya zile za usukani wa kulia, zilizouzwa kwenye makoloni ya Mwingereza, zilitoka Ford ya Kanada. Injini ina silinda 4, lita 3.3, nguvu za farasi 40. Tangi la petroli liko nyuma ya dashibodi, juu ya magoti yako, na petroli inateremka yenyewe hadi kwenye kabureta kwa sababu hakuna pampu. Umeme ni volti 6. Breki hazitumii mafuta. Ni fito za chuma zinazovutwa na pedali hadi kwenye magurudumu yote 4. Gia ni 3, na zinataka ukanyage klachi mara mbili la sivyo zinakupigia kelele mbele za watu. Chini ya usukani kuna wenzo wa kuwahisha au kuchelewesha cheche. Ukisahau kuuchelewesha halafu uwashe gari kwa hendeli, hendeli inaweza kurudi nyuma na kukuvunja mkono.

Watu hudhani shida ya gari kama hili ni kwamba spea hazipo. Siku hizi zipo. Kwa kuwa Model A zilikuwa nyingi sana, Marekani bado kuna wanaotengeneza gasketi, pointi, bushi, hata fenda nzima. Unaagiza, unalipa usafiri, unalipa ushuru, unangoja. Lakini hii ni raha ya juzi tu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha za kigeni hapa Kenya zilidhibitiwa na serikali, na sidhani kuna ofisa ambaye angekupa kibali cha dola ununue bushi ya gari kuukuu. Miaka hiyo spea haikutoka dukani. Ilitoka kwa fundi.

Fundi wa anko yuko hai, ingawa hashiki tena spana. Nilikaa naye siku mbili nikiandika. Kazi iliyonishangaza zaidi ni ya beringi. Injini ya Model A haina beringi za kununua na kupachika kama za magari ya leo. Krankshafti inazunguka juu ya madini laini, yenye bati kwa wingi, ambayo huyeyushwa na kumiminwa moja kwa moja ndani ya bloku na kwenye konirodi, kisha hukerezwa hadi krankshafti ikae sawasawa: ikibana sana inaungua, ikilegea inagonga. Mzee huyu alimimina zote. Alikereza bushi za kingpini kutoka kwa shaba aliyookota kwenye vyuma chakavu. Alipinda na kufua upya fito mbili za breki. Mbao za bodi zilipoliwa na mchwa, alimwita seremala, wakakata mpya za mvule wakifuata zile kuukuu kama patani. Waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi walikuwa wanamwongelea yeye.

Sasa turudi kwa mnunuzi. Yuko ng'ambo, ni mtu mstaarabu, na aliuliza mambo mawili: je, gari ni orijino, na je, lina historia kamili? Alisema wazi kwamba majibu mazuri yataongeza bei. Anko akanipigia simu. "Andika kila kitu ni orijino, mama. Nani atafungua injini?"

Hapo ndipo nilipokwenda kusoma kuhusu kesi moja ya London. Kulikuwa na Bentley Speed Six iliyoitwa Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Baada ya hapo ilifumuliwa na kuundwa upya mara kadhaa ili iendelee kushindana, mpaka sehemu za lile gari la ushindi zikabaki chache mno. Miaka ikapita. Kampuni moja ikakubali kuinunua kwa pauni milioni 10, kisha ikarudi nyuma ikidai kwamba hilo silo gari lenyewe. Mwaka 1990 Jaji Otton aliamua kwamba ndilo. Hakusema ni orijino kwa maana ya vyuma. Alisema historia yake haikukatika: liliendelea kuwepo, likabadilika hatua kwa hatua, na hakuna gari lingine duniani linaloweza kudai jina hilo.

Mtu wa Lamu asingehitaji jaji. Jahazi hubadilishwa mbao moja leo, nyingine baada ya kusi, na hakuna anayeamka asubuhi akauliza kama bado ni jahazi lile lile. Lina jina lake na nahodha wake, na lilikuwepo jana.

Lakini fuata hoja hiyo hadi mwisho. Kama gari ni lile lile kwa sababu ya historia isiyokatika, basi lazima tuulize ni nini kiliizuia isikatike. Si umiliki. Karatasi za gari la anko zinaanza na mlowezi mmoja, kisha mfanyabiashara, kisha anko. Majina yote 3 yangebaki salama kwenye karatasi hata kama gari lingeozea chini ya mti, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Kilicholivusha ni zile siku ambazo mtu alilala chini yake na kulitengeneza. Yaani mnunuzi anaposema anataka kununua historia, anataka kununua, kwa sehemu kubwa, miaka ya kazi ya mtu ambaye karatasi hazimtaji.

Najua utaniambia alilipwa. Kweli, alilipwa, na anko si mtu wa kudhulumu. Fundi cherehani akishalipwa hadai suti, na mimi sisemi fundi apewe asilimia ya bei. Malipo yalifunga hesabu ya jasho. Ila hayakununua ruhusa ya kusema kwamba kazi yake haikufanyika. Hayo ni mambo mawili tofauti. Nikiandika "beringi ni za kiwandani," simnyimi mzee pesa, ninamfuta. Na nikimfuta, historia ninayouza ina shimo nililolichimba mwenyewe, kwa hivyo namuuzia mnunuzi kitu feki hata kama kila chuma kiko mahali pake.

Utaniambia pia kwamba hii ni huruma ya vitabuni, kwamba hakuna anayetaja fundi wa Probox. Ni kweli, kwa sababu hakuna anayeuza historia ya Probox. Tunauza usafiri, basi. Ukishaanza kutoza watu doo kwa ajili ya historia, ukweli wa hiyo historia unakuwa deni lako.

Nilipomweleza mzee haya yote, alicheka. Hakuwa na haja na falsafa yangu. "Andika saizi," akaniambia. "Zile bushi nilizikereza kubwa kidogo kwa sababu tundu lilikuwa limelika. Yule atakayezibadilisha akiagiza za kawaida, hazitashika. Na uandike mwaka, ajue beringi zina umri gani." Kisha akafikiria na kuongeza, "Jina andika kwa faili. Kwa mtandao usiniweke, watu watanisumbua." Ndiyo maana humwoni hapa kwa jina.

Jibu lake lilinipa sababu ambayo sikuwa nayo. Nilikuwa nikitetea waliopita; yeye alikuwa anamfikiria fundi ajaye. Neno "orijino" likiwa uongo, halimdanganyi mnunuzi peke yake. Linamdanganya makanika fulani, labda ambaye hajazaliwa bado, atakayefungua gari akiamini karatasi, aagize spea ya kawaida, na kukuta haingii. Ikiwa ni fito ya breki, kosa hilo linaweza kuua mtu. Gari la miaka mingi hivi ni mazungumzo kati ya mafundi wasiokutana, na faili ndiyo njia pekee ya wao kusikilizana.

Kwa hivyo niliandika yote. Bushi na saizi zake, beringi na mwaka wake, fito za breki zilizofuliwa, mbao za mvule, jina la fundi, na jina la seremala kama mzee alivyolikumbuka. Za kiwandani nikaziita za kiwandani, za Marekani nikaziita za Marekani.

Anko aliisoma faili kimya, akiwa amevaa miwani yake ya kusomea. Lazima uelewe kwamba hauzi gari kwa raha. Binamu yangu yuko mwaka wa pili chuo, na karo haingoji mtu. Alipomaliza hakubisha kuhusu ukweli. Aliuliza tu, "Na bei ikishuka kwa sababu ya haya uliyoandika, nani atajaza?"

Ni swali halali kuliko yote niliyouliza mimi. Ni rahisi sana kudai uaminifu kwa mfuko wa mtu mwingine, na sisi vijana wa mjini tumezoea: tunataka biashara safi, siasa safi, historia safi, mradi bili iende kwa mwingine. Kama naamini mzee anastahili kuwa ndani ya faili, basi gharama ya kumweka humo si ya anko peke yake. Nilimwambia nitachangia karo ya muhula mmoja, bei ikishuka au isishuke. Akatoa kalamu akatia sahihi kila ukurasa, kisha akaniuliza kama jina la seremala lina "h" au halina. Nikampigia mzee simu tuhakikishe.