Picha ya Gofu na Amana ya Shahidi

Mtu asimamaye pwani ya Utende, mahali ambapo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoundwa mwaka 1995 ina makao yake, na ambapo mashua hulala ubavu maji yanapokupwa, hukiona mbele yake, ng'ambo ya mkondo usio mpana, kisiwa cha Chole, na nyuma ya Chole kisiwa cha Juani, ambako mji wa Kua ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukasitawi, ukawa na misikiti yake na jumba la mtawala wake, kisha mwanzoni mwa karne ya 19 ukavamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska, watu wakauawa na wengine wakatekwa, na mji ukahamwa. Aghalabu wanaouendea leo, maji yakijaa na nahodha akiridhika, huenda kuutazama tu. Na miongoni mwa watazamaji hao limeongezeka kundi ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo ni la wapiga picha wa kujitolea, ambao hawalipwi ujira wala hawakutumwa na serikali, bali hupiga picha za majengo ya kale ili ziingie katika mashindano na hatimaye ziwe za kila mtu.

Mashindano yaliyovuma kuliko yote ya namna hiyo huitwa Wiki Loves Monuments. Yalianza Uholanzi mwaka 2010, mwaka uliofuata yakaenea katika nchi nyingi za Ulaya na kukusanya picha zaidi ya 160,000, kisha yakatoka Ulaya. Hufanyika kila Septemba, na picha huwekwa katika hazina ya Wikimedia Commons, ambamo yeyote aweza kuzichukua na kuzitumia. Bara letu nalo lina mashindano yake, Wiki Loves Africa, tangu mwaka 2014, ingawa hayo hayafungamani na majengo peke yake. Kanuni zake ni nyepesi na sina haja ya kuzirefusha. Ninalotaka kuuliza ni hili: mtu alipigaye picha gofu la Waislamu waliokwisha kufa, naye ana tamaa ya zawadi, amewatendea wafu hao wema, au amewatumia?

Kuhusu picha yenyewe, ulamaa wamekwisha kutuondolea uzito. Imepokewa kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas, naye akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Na Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi umbo jipya, bali hukizuia tu kivuli cha kile ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Ukuta wa Kua hauna roho, na kivuli chake hakimkosei mtu. Kwa hiyo hukumu ni rahisi. Kilicho kigumu ni nia, kwa kuwa nia haionekani katika kamera.

Wapo wasemao kwamba kazi ya mashindano haiwezi kuwa ibada wala sadaka, maadamu mtendaji ana jicho moja kwenye tuzo. Siafikiani nao. Qurani yenyewe imewahimiza waumini washindane katika kheri, na imewaamrisha mara nyingi watembee duniani watazame jinsi ulivyokuwa mwisho wa waliotangulia. Na haielekei kwamba amri hiyo inamhusu msafiri peke yake, ilhali vikongwe, wagonjwa na watu wa mbali hawawezi kupanda mashua hadi Juani. Mimi naiona kazi hii, bila ya kudai kwamba natoa fatwa, kuwa inafanana sana na faradhi ya kifaya, kama vile kumwosha na kumzika maiti: wakiifanya wachache, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wameingia katika lawama. Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia uliokuwa upande wa magharibi, umeliwa na bahari kiasi ambacho hakuna mwanafunzi wa leo awezaye kuuona kama ulivyokuwa. Na Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, mchana kweupe, katikati ya mji wenye wataalamu na wageni wa kila namna. Ikiwa hiyo haikudumu, ukuta ulio peke yake kisiwani utadumu kwa kudra ya nani?

Lakini nikiisha kuikubali kazi, naanza kuihofia, kwa kuwa waamuzi wa mashindano hutafuta uzuri, na historia haikuahidi kuwa nzuri. Nenda Chole, katika magofu ya zama za Wajerumani, utazame namna mizizi ya mtini ilivyoteremka juu ya ukuta, ikapita madirishani, ikayashika mawe kwa nguvu hata huwezi kujua kama mti unaubomoa ukuta au ndio unaouzuia usianguke. Kila mwenye kamera hupiga picha hapo, nami simlaumu. Pembeni, hatua chache, umebaki ukuta mfupi usio na umbo, plasta imebanduka, na ndani yake waonekana mpango wa mawe na chokaa, yaani elimu yote ya waashi waliojenga. Huo haupigwi picha na yeyote. Shahidi mbele ya kadhi hasifiwi kwa ufasaha wake. Huulizwa alisimama wapi, aliona nini kwa macho yake, siku gani, na je, ana uadilifu. Na picha isiyosema imepigwa upande gani wa jengo, tarehe ngapi, wala kama rangi za machweo zimeongezwa baadaye kwa programu ya kompyuta, ni ushahidi wa mtu asiyejulikana. Katika makaburi mengi ya pwani yetu yamebaki matundu ya mviringo ambamo zamani zilipachikwa sahani za Kichina. Picha mbovu, yenye ukungu, iliyopigwa kabla sahani hazijang'olewa, ina thamani kupita mia nzuri za matundu matupu.

Hata hivyo kuna jambo ambalo picha haiwezi kulishuhudia kabisa. Watu wa Mafia husimulia kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu, na wakati wa kulishua wakawashika watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakawalaza mchangani ili jahazi lipite juu yao. Na watu wa Kua wakanyamaza miaka, kisha wakawaalika wale wa Kisimani harusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengwa kwa mawe wageni wangali ndani. Ni kisa cha kweli au ni cha kuonya watoto? Ukuta haujibu. Walakini mpiga picha awekaye picha ya Kua duniani bila neno lolote la masimulizi haya amewapa watu mawe yaliyonyang'anywa dhambi na majuto yao, na yule ayaandikaye kana kwamba ni historia iliyothibiti amesema uongo. Maelezo ya mistari miwili chini ya picha yanataka uangalifu kuliko kubonyeza kitufe, na ningependa waamuzi wayapime nayo, si picha peke yake.

Sheria nayo ina mpaka wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulihesabu jengo kuwa la kale ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863, na lililojengwa baadaye hungoja tamko la serikali. Kwa kipimo hicho Kua imo, lakini majengo ya Wajerumani, ambao waliipata Mafia kufuatia mapatano ya mwaka 1890, wakakaa Chole hadi walipohamia Kilindoni mwaka 1913, hayamo kwa umri wake. Hapa mtu wa kujitolea ana fadhila ambayo mtumishi wa serikali hana: hakuna anayemzuia kuipiga picha nyumba ya mwaka 1900, au msikiti wa kijiji ambao bibi yake alisomea juzuu barazani pake.

Limebaki la kutoa. Mwenye kuiweka picha katika hazina ile huitoa kwa idhini isiyorudishwa. Yeyote aweza kuichapa, hata kwa biashara, sharti tu amtaje mpigaji na kuifuata idhini yenyewe. Ni jambo lililo karibu sana na wakfu, na karimu anayeliona hivyo amefanya vyema. Ila wakfu wetu una msimamizi, ambaye huuliza kama mali yatumika kwa makusudio ya mtoaji, ilhali picha hizi hazina msimamizi wa namna hiyo. Hoteli yaweza kulichukua kaburi la Kua na kulifanya tangazo la chumba chenye upepo wa bahari, na sheria haitaikataza. Mpiga picha alikuwa na milki ya picha yake, hakuwa na milki ya kaburi, na hakuna awezaye kuweka wakfu kisichokuwa chake. Ndiyo maana naona kwamba swali la lipi lipigwe picha na lipi liachwe, na la kuwauliza wazee wa Juani kwanza kabla ya kuinua kamera penye kaburi au penye ubani na marashi yaliyowekwa na wenye nadhiri zao, yapasa limalizwe kulekule kisiwani, kabla mashua haijarudi Utende, maana picha ikiisha kupelekwa hata mpigaji mwenyewe hana tena uwezo wa kuirudisha.