Mnyama Aliye Ndani ya Sanduku Ni wa Nani?



Kuku wanapungua katika vijiji vyetu hapa Kyangwali, hasa upande ulio karibu na msitu wa Bugoma, na wanaume wamerudia ufundi wa zamani wa kuunda mitego ya sanduku. Baadhi yenu mmeniuliza kama Mkristo anaruhusiwa kutega. Ni swali zuri, lakini mimi naona kuna lingine zito zaidi ambalo hakuna aliyeniuliza. Mnyama akishaingia na mlango ukaanguka, saa zile zote mpaka asubuhi, yuko mikononi mwa nani?

Kwanza tusiidharau hasara. Mama mjane mwenye kuku wanane, ambaye kwake trei ya mayai ni daftari na kalamu za watoto, akiamka na kukuta manyoya matupu, amepoteza zaidi ya kitoweo. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa, kuku ndiye benki yetu. Kwa hiyo simtazami kwa jicho baya mtu anayetaka kulinda banda lake.

Wazee wetu waliotoka Ituri na Kivu ya Kaskazini wanaijua mitego ya aina nyingi. Kitanzi cha waya ndicho rahisi kuliko yote, nacho ndicho kibaya kuliko yote. Hukata ngozi mpaka mfupa, na hakiulizi aliyenaswa ni nani. Sanduku ni kazi zaidi. Kwa mnyama mdogo kama kanu unahitaji mbao za kutosha urefu wa mita moja hivi, upana na kimo kama sentimita 30. Kwa fungo, ambaye ni mkubwa zaidi, unaongeza. Nyuma unaweka wavu wa chuma, ili mnyama aone mwanga upande wa pili asiogope kuingia. Mlango ni ubao unaopanda na kushuka katika mifereji miwili. Kamba inapita juu na kushikwa na kijiti chenye pengo, na chambo, kichwa cha samaki au utumbo wa kuku, kinafungwa nyuma kabisa. Mnyama akivuta chambo, kijiti kinachomoka, ubao unaanguka. Fundi hodari anamaliza kwa nusu siku.

Uzuri wa sanduku ni kwamba halijaua. Linamwachia mwenyewe uamuzi. Akikuta paka wa jirani, anamfungulia. Akikuta jike anayenyonyesha, anaweza kukumbuka Kumbukumbu la Torati 22:6-7, ambapo anayekuta kiota anakatazwa kumchukua mama pamoja na makinda yake. Kitanzi hakikupi nafasi ya kukumbuka andiko lolote.

Lakini hapo hapo ndipo mzigo ulipo. Mwenye upinde lazima awepo mshale unapotoka, na humwona anayemchoma. Mwenye mtego anafanya kazi yake akiwa amelala. Ni kama ameuacha mkono wake nje usiku kucha, na mkono huo unakamata wakati yeye anakoroma. Je, kwa kuwa hakuwepo, hahusiki? Torati inajibu katika Kutoka 21:33-34. Mtu akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Hakumsukuma yule punda, labda alikuwa sokoni. Bado shimo ni lake.

Mithali 12:10 inasema habari za mtu mwenye haki anayejali uhai wa mnyama wake. Ndugu mmoja aliniambia, "Mchungaji, hapo ni mnyama wake, mbuzi na ng'ombe. Nguchiro ni wa porini." Ni kweli, mnyama wa porini si wa kwako. Anajitafutia maji, kivuli na njia ya kukimbia. Lakini ubao ulipoanguka ulimnyang'anya vyote vitatu. Kuanzia dakika ile hawezi kunywa wala kujificha na jua mpaka wewe ufike. Nasema amekuwa mnyama wako, si kwa mali bali kwa deni.

Wengine watanitajia 1 Wakorintho 9:9, ambapo Paulo anauliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe. Soma sura yote. Paulo anapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa: ikiwa hata ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa, je, si zaidi mhubiri? Ukiutupa ulinzi wa ng'ombe, ngazi ya Paulo inabaki bila daraja la chini. Na yule Samsoni wa Waamuzi 15, aliyefunga mbweha 300 mikia na mienge ya moto, huwa tunamhubiri sana bila kuuliza mbweha walikuwa wamekosa nini.

Mwanafalsafa Immanuel Kant (1724–1804) alifundisha kwamba anayewatesa wanyama anajizoeza ugumu wa moyo hata kwa watu. Sisi tuliovuka Ziwa Albert tumewaona watu wa namna hiyo, hatuhitaji kufundishwa. Hata hivyo naona maneno yake hayatoshi. Yule mnyama anaumia kwa ajili yake mwenyewe, hata kama mtesaji angebaki mpole kwa jirani zake. Mwingereza Jeremy Bentham aliliona jambo hili mwaka 1789 alipoandika kwamba cha kuuliza ni kama mnyama anaweza kuteseka.

Kijana mmoja wa kwetu alitega Alhamisi, kisha akapata kibarua Hoima, akarudi Jumamosi jioni. Ndani alikuta nguchiro aliyevunja meno kwa kuutafuna wavu, amekufa kwa kiu. Nilipomuuliza alinijibu, "Si alikula kuku?" Nikamuuliza kuku walipotea saa ngapi. Usiku. Nguchiro wengi wa huku hutembea mchana. Anayeiba usiku mara nyingi ni kanu au fungo. Kwa hiyo huenda aliyekufa siku tatu ndani ya sanduku hakuwa mwizi kabisa. Watu waliowahi kufungiwa kwa makosa ya wengine wangepaswa kulielewa hili upesi kuliko majirani zao wote.

Huko Marekani, ambako kutega wanyama wenye manyoya ni biashara ya ngozi, majimbo mengi yanamlazimisha mtegaji kukagua mitego yake kila siku. Hapa sheria inaanza mapema zaidi. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali. Ngozi ya kanu, ambayo kwetu ilipendeza kiunoni mwa wachezaji, hapa inaweza kukupeleka mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kutega mwone mwenyekiti wa RWC, awafikishie habari watu wa wanyamapori.

Tena anza na banda. Kanu ni mwembamba na mpandaji hodari. Panapopita kichwa, mwili unafuata. Ziba matundu, inua sakafu, funga mlango kabla ya giza. Ukipewa ruhusa ya kutega, weka sanduku kivulini, kata misumari inayotokeza ndani, na usiku ambao hutakuwepo kesho yake, acha mlango umefungwa. Usitie mkono ndani. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende kituo cha afya siku ile ile, kwa sababu kichaa cha mbwa hakikai kwa mbwa peke yake.

Limebaki swali la mama mmoja wa kwaya: mtego wa Jumamosi usiku utakaguliwa saa ngapi, na ibada ya kwanza ni saa mbili? Katika Luka 14:5 Bwana aliwauliza Mafarisayo kuhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato, nao hawakuwa na jibu. Nendeni kwenye sanduku kwanza. Nimewaambia wazee wa mlangoni wawaachie benchi la nyuma.