Sadaka ya Mgeni Ishikwe na Nani?

Soma: Kumbukumbu la Torati 10:17-19, Matendo 6:1-7, 2 Wakorintho 8:16-21

Kwamba mgeni aliyekimbia kwao anapaswa kusaidiwa, Biblia haiachi shaka, na darasa lolote la Shule ya Sabato litakubaliana juu ya hilo ndani ya dakika tano. Ugumu unaanza sadaka ikishakusanywa. Je, tuikabidhi kwa shirika kubwa lenye malori, wahasibu na ripoti? Au kwa kikundi cha akina mama kumi na wawili wa kijijini, ambao hesabu zao zote zimo katika daftari moja la shule?

Sisi wa Karagwe na Kyerwa si wageni wa swali hili. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na dunia nzima ikalijua jina la Benaco. Huku kwetu wengine walivuka mto Kagera, zikawapo kambi za Chabalisa, Kagenyi na Rubwera, wakati wilaya hizi mbili zilipokuwa bado wilaya moja. Lakini kambi haijengwi siku mgeni anapofika. Kabla ya turubai la kwanza kuna usiku wa kwanza, na usiku huo mgeni yumo mikononi mwa mwenye kibanja kilicho karibu na kivuko. Chakula chake ni ndizi na maharage yaliyopikwa kwa ajili ya watoto wa nyumba ile. Na malori yanapoondoka, kama yalivyoondoka baada ya tamko la serikali na UNHCR la Desemba 1996 kwamba Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, anayebaki ni jirani yule yule.

Nisieleweke vibaya. Hakuna kijiji kinachoweza kulisha watu laki moja kwa miezi, wala kikapu cha mama hakizuii kipindupindu. Mashirika makubwa yaliokoa maisha ya wengi, na anayeyabeza hajawahi kuona foleni ya maji kambini. Hata hivyo, ukubwa una upofu wake. Katika kambi za mwaka ule chakula kiligawiwa kwa orodha za viongozi wa wakimbizi wenyewe, na baadhi ya viongozi hao walikuwa wameshiriki mauaji ya kimbari. Orodha ziliwapa nguvu juu ya matumbo ya watu. Mwishoni mwa 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa katika kambi za Zaire na za Tanzania kwa sababu hiyo. Wengine walibaki, wakisema mtoto mwenye njaa hana hatia. Bado sijui nani alikuwa na haki zaidi, na ninashuku mtu anayelijibu jambo hilo haraka.

Basi tukimbilie udogo? Wengi husema kikundi kidogo hakidanganyiki kwa sababu kinazijua sura za watu. Matendo 6 inatuzuia kusema hivyo kwa wepesi. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, wenyeji wake walijuana, Roho alikuwa amewashukia, na bado wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kuzijua sura kunamaanisha pia kuzijua sura za ndugu zako kwanza. Anayezungumza lugha yako anapata kijiko cha pili.

Sasa angalia walivyoponya tatizo hilo, kwa kuwa hapa ndipo penye somo. Hawakuleta msimamizi kutoka mbali. Walichagua watu saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Majina yote ni ya Kiyunani! Upande uliolalamika ndio uliopewa upawa. Mitume hawakuogopa kwamba walalamikaji wangejipendelea. Waliwaombea, wakawawekea mikono, wakawaachia kazi.

Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kikundi tunachotaka kukisaidia: je, mgeni mwenyewe ameshika upawa, au amekaa tu kwenye foleni? Mjini Kampala, vijana wakimbizi kutoka Kongo walianzisha YARID mwaka 2007. Walianza na mpira wa miguu na masomo ya Kiingereza, mambo ambayo mtoaji wa mbali asingeyaweka juu kwenye orodha yake, lakini wao walijua kwamba mtu asiyeweza kuongea na jirani hapati kazi. Dunia imekiri jambo hili kwa maneno. Mwaka 2016, huko Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura ingewafikia watendaji wa nchi na vijiji husika. Mwaka ulifika, ahadi haikutimia. Sababu iliyotolewa mara nyingi ni kwamba vikundi vidogo haviwezi kutoa hesabu.

Paulo aliijua hofu hiyo. Alipokuwa akipeleka changizo la makanisa Yerusalemu, hakubeba mfuko peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kusema. Hesabu ni jambo la kiroho. Ila hesabu zina vipimo vyake. Kumtaka mama asiye na umeme ajaze ripoti ya kurasa thelathini ni kumwambia kwa adabu kwamba hatumwamini. Daftari lisomwe kwa sauti mbele ya kikundi, wageni wakiwepo, mhazini wa kanisa akisikiliza. Hiyo ni hesabu pia, na kwa shilingi laki tatu inatosha.

Mawili yatazuka darasani. La kwanza ni sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa. Kikundi kinachomlisha mtu usiku hakivunji upendo kwa kumwona mtendaji wa kijiji asubuhi. Kufanya kazi mafichoni kutamdhuru mgeni kwanza. La pili ni nung'uniko ambalo wengi hulisema nje ya kanisa: na yatima wetu je? Lijibiwe kwa heshima, maana ni kweli wapo. Kumbukumbu la Torati 10:18 inawataja yatima, mjane na mgeni kwa pumzi moja. Kikundi kinachomtembelea mjane wa kijiji Jumanne na mgeni Alhamisi ndicho kitakachodumu.

Wazee wetu wanakumbuka pia mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia kaskazini ya mto Kagera na Watanzania wa mkoa huu huu wakakimbia kusini, watoto migongoni. Walipokelewa na watu, kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa.

Maswali ya kujadili:

Ng'ambo ya Murongo, katika wilaya ya Isingiro, Uganda, kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kama mkimbizi wa huko angekaa darasani kwenu leo, mngempa sauti gani katika kuamua sadaka hii iende wapi?

Ni kikundi gani kidogo kijijini kwenu kimewahi kumhudumia mgeni bila kuombwa? Nani katika darasa hili amewahi kuliona daftari lao?